Bunduki, Shule na Kazi ya Mwalimu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ndogo katika mkutano wa tawi)



Katika mkutano uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza: ikiwa majambazi wana bunduki, kwa nini mwalimu naye asipewe yake? Watu walipiga makofi sana. Baadaye kidogo mwingine akasimama akasema kwamba shule si kambi, bunduki zote zichomwe na askari waondoke katika viwanja vya shule. Naye akapigiwa makofi, na wengine tuliwaona kwa macho yetu kuwa ni wale wale waliompigia wa kwanza. Basi kamati ikatuagiza sisi watatu tulitazame jambo hili na kurudi kwenu.

Pengine mtu atasema, haya ni mambo ya chama cha walimu, sisi yatuhusu nini? Shule ni mahali pa kazi. Mwalimu, mpishi, karani, mlinzi wa usiku na dereva, wote huenda pale kutafuta mshahara. Mwezi wa Februari 2022, katika bonde la Kerio, basi la shule lilipigwa risasi likiwa limebeba wanafunzi, na aliyekufa ni dereva. Tena watoto walio ndani ya mabasi hayo ni wetu.

Tuanze na Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likienda Nairobi lilisimamishwa njiani alfajiri, abiria wakatengwa kwa dini zao, na watu 28 wakauawa. Kati yao 17 walikuwa walimu waendao makwao kwa likizo. Shule zilipofunguliwa mwaka 2015 wenzao wengi walikataa kurudi. Walikuja Nairobi wakakaa nje ya ofisi za Tume ya Kuajiri Walimu wakidai uhamisho, na wao wakaambiwa warudi kazini.

Sisi twasema walimu wale walikuwa na haki. Hakuna mwajiri awezaye kumwambia mchimba mawe aingie shimo linaloporomoka kwa sababu tu mkataba wake haujaisha, na mwalimu ni mfanyakazi kama yeye.

Lakini sasa tazameni upande wa pili. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, wilaya ya zamani ya Garissa, na safari hii Tume ikawaondoa walimu wasio wenyeji. Maisha ya walimu yakaokolewa. Watoto nao wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu. Mtoto wa Garissa, au Wajir, au Mandera hakumpiga mtu risasi, lakini atafanya mtihani ule ule wa Taifa pamoja na mtoto wa Nairobi aliyefundishwa mwaka mzima. Wazazi wake walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki vile vile. Hapo ndipo ugumu ulipo, ndugu zetu. Haki ni mbili, na kila dawa iliyotumika mpaka leo imelipa moja kwa kuinyang'anya nyingine.

Sasa turudi kwa swali la bunduki ya mwalimu. Aliyeuliza alitaja Marekani, basi tulitazama ya huko kwanza. Tarehe 24 Mei 2022, mji wa Uvalde katika Texas, kijana wa miaka 18 aliingia shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu wawili. Askari karibu 400 walifika, wote na silaha, na ilipita zaidi ya saa moja kabla ya kuingia chumba alichokuwamo. Bunduki hazikupungua mahali pale hata kidogo. Vyama viwili vikubwa vya walimu wa Marekani vimekataa wanachama wao kupewa bunduki. Katika jimbo la Florida, baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland mwaka 2018, sheria ilipitishwa ambayo kila upande ulipata kitu na kumeza kitu: umri wa kununua bunduki ulipandishwa hadi miaka 21, mahakama ikapewa uwezo wa kumnyang'anya mtu wa hatari silaha zake, na wakati huo huo watu wenye silaha wakawekwa shuleni. Tunalitaja hili kwa sababu ni mapatano ya watu waliokuwa hawasikilizani, si kwa sababu lafaa kwetu lote. Ugonjwa wao ni kijana aliyenunua bunduki dukani kwa risiti. Wetu ni silaha zipitazo mipakani usiku, na makundi ya watu wengi pamoja.

Mwalimu mmoja mwenye bastola atafanya nini mbele ya watu kumi wenye bunduki za kivita? Tena kule bonde la Kerio au Baringo bunduki yenyewe ni mali ya kuibwa. Siku mwalimu atakapopewa moja, nyumba yake itavamiwa kwa ajili ya hiyo. Na aitunze wapi, darasani penye watoto sitini? Kwa hiyo neno hilo tulilikataa sote watatu.

Hata hivyo yule aliyesema askari waondoke kabisa, naye hatukukubaliana naye. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne waliingia Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya kucha. Walinzi wa mlangoni, ambao hawakuwa na silaha, walipigwa risasi kwanza. Siku ile watu 148 walikufa, 142 kati yao wanafunzi. Kikosi maalum chenye mafunzo ya kazi hiyo kilitoka upande wa Nairobi, karibu kilomita 370, na kilipoingia jioni kazi iliisha upesi. Basi uchungu wetu ni zile saa za katikati. Askari waliofundishwa wakae mahali ambapo wataifikia shule kwa dakika, wala si lazima wasimame mlango wa darasa.

Na yule mlinzi? Twamsahau kila mara. Shule nyingi zina mzee mmoja mwenye rungu, tochi na koti la mvua, naye ndiye tunayemtegemea awe wa kwanza kufa. Hana simu ya shule, hana king'ora, na pengine mshahara wake umechelewa. Hili ni jambo la chama kabisa, wala halingojei bunge.

Kuhusu kuchoma bunduki: Serikali ilichoma zaidi ya 5,000 huko Ngong mwaka 2016, na zaidi ya 5,000 tena mwaka 2021. Ni vizuri. Lakini mwaka 2019 askari wa akiba walinyang'anywa silaha katika sehemu za Kaskazini, na vijiji vikalia kwamba vimeachwa uchi mbele ya majirani waliobaki na zao. Baadaye ilibidi askari hao warudishwe. Kukusanya silaha upande mmoja wa mto ni kuwaita wezi wa ng'ombe wavuke. Zikusanywe pande zote mbili siku moja, ama zisikusanywe.

Kuna neno jingine ambalo hatukulitazamia tulipoanza. Woga nao huua. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, mtambo wa umeme ulilipuka karibu na bweni la wanafunzi wa chuo huko Kikuyu. Wanafunzi walidhani ni wauaji, wakarukana, na mmoja akafa. Novemba mwaka ule ule chuo kimoja cha Nairobi kilifanya mazoezi ya usalama yenye milio ya risasi za bandia bila kuwajulisha watu vizuri. Watu waliruka madirishani, na mfanyakazi mmoja akafa. Mfanyakazi, ndugu zetu, aliyekwenda kazini asubuhi.

Tena wazazi wengine wanataka madirisha ya mabweni yatiwe vyuma na milango ifungwe kwa nje. Kanuni za usalama wa shule zilizotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 zakataza mambo hayo, na kwa sababu njema: Kyanguli mwaka 2001 wavulana 67 waliungua, na Endarasha mwaka 2024 wavulana 21. Chuma kinachomzuia mwenye bunduki humfungia mtoto ndani ya moto. Ua wa nje uwe imara, mlango wa bweni ufunguke.

Na wenyeji. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lilisimamishwa tena na abiria wakaamriwa watengane. Waislamu walikataa kuwatoa Wakristo. Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi, alipigwa risasi siku ile na akafa Januari 2016. Hakuna ua wala askari aliyewafanyia abiria wale kazi hiyo. Ndiyo maana twaona vijana wa huko wafundishwe ualimu kwa wingi na kwa fedha za Serikali, na mwalimu mgeni asipangwe peke yake katika kituo cha mbali, bali alale mjini pamoja na wenzake na apelekwe kwa gari lenye ulinzi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu uiandikie Tume na Wizara kwamba mfanyakazi wa shule aliye mahali pa hatari awe na haki ya kuomba uhamisho bila kukatwa mshahara. Na kwamba asiondolewe mwalimu kabla ya kutajwa nani atashika darasa lake wiki inayofuata. Wajumbe wenzetu wengine wataona haya mawili yanagombana. Nasi tuligombana juu yake jioni mbili. Tumeyaacha yote mawili katika barua, na nakala iko kwa katibu, isomwe kabla ya kura.