VIJANA WETU WAGONJWA NA SINDANO YA CHANJO

(Hotuba iliyosomwa na halmashauri ya ustawi mbele ya wanachama wa tawi, siku ya Jumapili)



Leo hatukusimama kusema juu ya mishahara. Hayo mtayasikia kwa Ndugu Katibu, na hapo hakuna atakayesinzia. Sisi tumepewa nafasi ndogo tuseme juu ya watoto, na twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Mwezi wa Julai 2025 Serikali ilichanja watoto nchi nzima. Wadogo walichomwa ya surua na rubela, na wote wa kutoka miezi 9 mpaka miaka 14 walichomwa ya homa ya matumbo. Mwenzetu mmoja ana binti wa miaka 13, mgonjwa wa lupasi. Wachanjaji walipofika shuleni, binti alitolewa katika mstari akaambiwa, "Wewe una ugonjwa, kaa kando." Babaye aliposikia alishukuru, kwa maana jirani alikuwa amemwonya ya kwamba sindano itauamsha ugonjwa. Akaja kutuuliza sisi. Nasi, badala ya kusema hatujui, tulimjibu ya kwamba amefanya vyema.

Alipompeleka binti kliniki yake ya kawaida, daktari alishangaa. Chanjo ile ya homa ya matumbo haina kijidudu hai ndani yake, na katika darasa zima aliyeihitaji zaidi ni yule yule aliyewekwa kando. Basi tulikosea, shule na baba na sisi. Ndiyo sababu tumekwenda kuuliza wanaojua, na hii ndiyo ripoti yetu.

Ugonjwa wenyewe ni wa namna gani? Mwili una ulinzi wake, kama vile kiwanda kina askari getini. Kazi yake ni kuwatambua wezi na kuwafukuza. Katika magonjwa haya askari amepotewa na akili: anawapiga wenye nyumba. Katika lupasi hupiga viungo, ngozi, hata figo. Katika yabisi ya watoto huvimbisha magoti na vifundo. Katika kisukari cha vijana, kile cha kuchoma insulini, huharibu mahali ndani ya mwili panapotengenezwa insulini. Hakuna aliyerogwa hapo, wala si ugonjwa wa kuambukizana.

Na dawa nyingi za magonjwa haya hufanya nini? Humpunguzia askari huyo nguvu. Mtoto hupata nafuu, lakini siku mwizi wa kweli akija, surua au kichomi, geti halina mtu wa kutosha. Kwa hivyo mtoto wa namna hii ana haja ya chanjo kuliko mzima.

Sasa lile jambo la kushika. Chanjo ni za namna mbili. Za kwanza zina kijidudu kilicho hai ila kimedhoofishwa. Katika zile wanazopewa watoto wa Kenya, hai ni ile ya kifua kikuu anayochomwa mtoto anapozaliwa, matone ya polio, matone ya kuhara ya rota, surua na rubela, na homa ya manjano. Za pili zina kijidudu kilichokufa, au kipande chake tu. Humo mna ile sindano ya kuzuia magonjwa 5, yaani dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya B na Hib. Mna ya nimonia, mna sindano ya polio, mna hii ya homa ya matumbo, na ile ya wasichana ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi.

Hizi za pili haziwezi kumwambukiza mtoto ugonjwa, hata awe anatumia dawa gani. Labda hazitashika sawasawa, kwa sababu askari ni mdogo, lakini kushika nusu si sawa na kukosa. Zile hai ndizo zinazotaka hesabu. Mtoto anayemeza prednisoloni nyingi, miligramu 20 kwa siku au miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa wiki 2 au zaidi, hachanjwi chanjo hai. Hungojwa apunguziwe, na upite mwezi mmoja angalau. Anayetumia methotreksati kwa yabisi, daktari wake aweza kumruhusu kurudiwa ya surua, lakini hilo ni la daktari, si la mwalimu wala la jirani.

Tena si kila mgonjwa wa namna hii amepunguziwa ulinzi. Mtoto wa kisukari anayechoma insulini peke yake hana dawa inayomdhoofisha askari. Huyo huchanjwa kama wenzake, hai na isiyo hai. Vivyo hivyo mwenye lupasi anayemeza haidroksiklorokwini tu. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu tumeona wazazi wenye kadi zilizosimama tangu siku mtoto alipogunduliwa, na hakuna aliyewaambia ya kwamba kadi yaweza kuendelea.

Sindano huamsha ugonjwa? Swali hili ndilo linalowatia watu hofu, wala hatuwacheki. Uholanzi watoto 137 wenye yabisi, wa miaka 4 mpaka 9, walifuatwa katika hospitali 5. Wengine walirudiwa chanjo hai ya surua, matumbwitumbwi na rubela, wengine hawakurudiwa. Habari ilitangazwa mwaka 2013: ugonjwa haukuzidi kwa waliochanjwa kuliko kwa wasiochanjwa. Hatusemi ya kwamba sindano haina lolote. Mkono utauma, homa yaweza kuja siku moja au mbili, na mwenye yabisi aweza kuhisi viungo vizito. Mara chache sana hutokea jambo kubwa zaidi, na hapo mtoto hurudishwa kwa daktari mara moja. Lakini surua ikimpata mtoto ambaye ulinzi wake umepunguzwa, hiyo si homa ya siku mbili.

Wakati mzuri wa kuchanja ni kabla dawa kali hazijaanza. Kwa chanjo isiyo hai yafaa zitangulie wiki 2, kwa hai wiki 4. Basi siku daktari anapokwambia, "Tutamwanzishia dawa," wewe toa kadi mfukoni umuulize, "Je, amebakiza chanjo gani?" Ikiwa ugonjwa umekaza, figo ziko hatarini, dawa haingoji chanjo, huanza siku hiyo hiyo. Dawa iitwayo rituximabu ndiyo inayozuia chanjo kushika kwa muda mrefu, na kwa kawaida madaktari huhesabu miezi 6 baada yake. Na tafadhali, mzazi asimwachishe mtoto dawa kwa hiari yake eti apate kuchanjwa. Hiyo ni hatari kuliko yote tuliyotaja.

Wenye mabinti, sikilizeni hapa. Kenya ilianza kuchanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV mwezi wa Oktoba 2019. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema sindano moja yaweza kumtosha msichana mzima. Lakini lilisema pia ya kwamba aliyepungukiwa na ulinzi wa mwili apate 2 angalau, na ikiwezekana 3. Binti wa lupasi akipewa moja kama wenzake akafutwa katika orodha, bado ana deni lake. Mdaini.

Homa ya manjano nayo ilipiga Bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993, na ndiyo maana watoto wa Baringo na Elgeyo Marakwet huchanjwa. Hiyo ni hai, na kijana anayetumia dawa za kupunguza ulinzi kwa kawaida hapewi. Mwenzetu akihamishwa kazi kwenda huko, au akitaka kusafiri nje na mtoto wa namna hii, amwone daktari mapema. Kwa safari, daktari aweza kumwandikia barua ya kueleza kwa nini hakuchanjwa.

Walio nyumbani nao wachanjwe wote, baba, mama na ndugu zake, kwa maana ugonjwa huingia na mtu. Ila mtoto mchanga wa nyumba hiyo anapopewa matone ya polio, kijidudu hutoka kwa kinyesi. Mwambieni muuguzi kabla, na yule mgonjwa asibadilishe nepi.

Yote haya yataka siku, na siku ni jambo la chama. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mfanya kazi, baada ya miezi 2 ya kazi, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara. Lakini hizo ni za ugonjwa wake mwenyewe. Mtoto akiitwa kliniki Jumatano, mzazi hula siku ya likizo yake, au hudanganya ya kwamba tumbo lamwuma. Kuna wanachama humu waliokatwa mshahara kwa sababu hiyo, na wengine waliacha kwenda kliniki. Halmashauri yenu imeomba ya kwamba katika mapatano yajayo na mwajiri chama kidai siku za kumpeleka mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, kwa barua ya kliniki, bila kukatwa. Twaomba mliunge mkono litakapoletwa kwa kura leo.

Yule binti amekwisha kuchomwa ya homa ya matumbo, na ya HPV amepata ya pili. Baba yake yuko hapa, kule nyuma, na amekubali kuulizwa maswali.

Mwenye mtoto wa namna hii alete kadi yake mezani kwa karani baada ya mkutano, na majina ya dawa yameandikwa kwenye karatasi. Tutakwenda nayo kliniki Alhamisi.