Hotuba ya Kamati ya Tawi kuhusu fedha zilizopotea kwenye "uwekezaji" wa simu

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



Haya ni maneno ambayo Kamati ya Tawi iliyasema kwenye mkutano wa wanachama Jumapili iliyopita. Tunayatuma kama yalivyosomwa, kwa ajili ya waliokuwa safarini, wagonjwa, waliokuwa zamu kazini, na wale ambao tunajua hawakuja kwa sababu ya aibu. Hao wa mwisho ndio tunaowalenga kwanza. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kujibu.

*Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na vijana wetu,*

Leo hatukuja kuzungumzia ada za uanachama wala maandalizi ya ziara ya viongozi wa kata. Tumekuja kuzungumza juu ya fedha zilizopotea kwenye ule uwekezaji wa simu, na juu ya watu wa tawi hili ambao tangu siku ile hawasalimiani.

Tuanze na jinsi ilivyokuwa, maana kila mtu ana kipande chake cha habari na hakuna aliyeisikia yote kwa pamoja.

Linki ya kwanza iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp usiku. Ilisema ni mfuko wa uwekezaji wa mtandaoni. Unaweka fedha, unapangiwa kiwango, kila siku unafungua programu na kubonyeza "kazi" chache, na faida ya asilimia 3 inaingia. Ukiweka shilingi 100,000, kila siku unaona 3,000. Aliyeileta alikuwa mwanachama mwenzetu, na wala hakuwa mwongo. Alikuwa ameweka 50,000, akatoa 10,000, na 10,000 ile ikafika kweli kwenye simu yake. Alituma picha ya muamala. Wiki hiyo hiyo wengine nao wakatoa kidogo kidogo, wakatuma picha zao.

Ndivyo mtego ulivyotegwa. Malipo madogo ya mwanzo yalikuwa chambo. Kijana wa bodaboda aliyepokea 10,000 aliweka 300,000 aliyokuwa akidunduliza kwa ajili ya matairi na bima. Mama yetu mmoja mwenye genge aliweka mtaji wa nyanya na vitunguu wa mwezi mzima. Mzee wetu mmoja aliweka sehemu ya kiinua mgongo chake. Kisha tukaambiwa kwamba ukileta watu watatu unapanda kiwango, ukileta kumi unaitwa kiongozi wa timu. Mtu akaanza na mke, kisha shemeji, kisha jirani, kisha wajumbe wenzake wa shina.

Baadaye kukaja tangazo la "ofa ya mwisho wa wiki": weka mara mbili, upate mara mbili. Jumatatu yake kitufe cha kutoa fedha kikagoma. Tukaambiwa mfumo unaboreshwa. Siku ya tatu ukaja ujumbe kwamba ili kutoa salio lako ni lazima kwanza ulipe kodi, asilimia 15 ya salio unaloliona. Wapo waliokopa ili walipe hiyo kodi. Siku ya tano programu haikufunguka tena, na namba zote tulizokuwa tukitumia fedha zikawa hazipatikani.

*Sasa tuseme sehemu yetu sisi viongozi.*

Kamati hii ilijua. Wajumbe watatu wa kamati walikuwa wamejiunga. Linki ilipoingia kwenye kundi hatukuifuta, na mwanachama alipouliza hadharani "Jamani, hii ni salama?", mmoja wetu alijibu kwamba yeye ameshatoa mara mbili. Lile jibu lilikuwa na uzito kwa sababu ya cheo chake. Watu walisema: kama viongozi wapo, sisi ni nani tuogope?

La pili ni zito zaidi. Shilingi 600,000 za mfuko wetu wa misiba ziliwekwa humo. Nia ilikuwa kuzizalisha kwa wiki mbili na kuzirudisha. Hazikurudi. Mwezi uliopita mwenzetu alipofiwa na mama yake, tawi lilipeleka mkono mtupu, tukasema fedha bado zinakusanywa. Hatukusema ukweli. Leo tunausema, na kwa familia ile tunaomba radhi mbele ya wote.

Wale wajumbe watatu wamekubali kulipa. Kila mmoja atarudisha 200,000, kwa awamu ya 50,000 kila mwezi kwa miezi minne. Stakabadhi zitabandikwa ofisini kila mwisho wa mwezi, na familia iliyofiwa itapewa haki yake kutoka awamu ya kwanza. Tunajua wapo wanaosema jambo hili litumike kutuondoa kwenye uchaguzi wa tawi. Hiyo ni haki ya mwanachama. Tuulizeni, na mkitaka kutuondoa, fanyeni hivyo kwa kura. Lakini msilitumie kuwaumiza waliokwisha kuumia.

*Ndugu wanachama,*

Mtaani tunasikia msemo mmoja tu: tamaa mbele, mauti nyuma. Tunaona msemo huo unawaonea watu wetu. Mama anayetaka mtaji wa genge ukue kabla shule hazijafunguliwa hana tamaa, ana hesabu. Tapeli asingeweza kuingia kwenye nyumba yake peke yake. Aliingia kwa sababu linki ililetwa na mtu anayemfahamu, ikathibitishwa na mjumbe anayemheshimu, ndani ya kundi lenye nembo ya chama chake. Kilichotumika kutuibia ni kuaminiana kwetu.

Na jambo hili si geni. Mwaka 1920, katika mji wa Boston nchini Marekani, mtu aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Aliwalipa wa kwanza kwa fedha za waliofuata, mpaka waliofuata wakaisha. Hapa kwetu wengi mnaikumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu kisha wavune. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani kwa kuendesha upatu haramu, kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu. Kilichobadilika tangu wakati huo ni chombo tu. Zamani ulipanga foleni mlangoni, leo unabonyeza simu ukiwa kitandani.

Tufanye hesabu moja pamoja. Mwaka 2021 Serikali ilipoanza kuuza hati fungani za miaka 25, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Maana yake shilingi 100,000 zinazaa 15,950 kwa mwaka mzima, na hiyo ni riba kubwa. Ile programu iliahidi kiasi hicho kwa siku zisizozidi sita. Na kama kweli 100,000 ingekua kwa asilimia 3 kila siku, faida juu ya faida, baada ya mwaka ingekuwa zaidi ya shilingi bilioni 4. Genge gani, kiwanda gani, mgodi gani unazalisha hivyo? Hesabu hii tungeifanya usiku ule kwa simu zile zile. Hatukuifanya.

*Sasa kuna hatari ya pili.* Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tayari tunasikia watu wakisema mifuko yote ya uwekezaji ni wizi, bora fedha zikae chini ya godoro. Hilo nalo ni hasara.

Kwenye tawi hili tuna mama lishe ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akinunua vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, mfuko ulioanza mwaka 2005. Ananunua kidogo kidogo, mwezi wa biashara nzuri anaongeza, mwezi mbaya anaacha. Wakati wa ile programu tulimcheka. Tulimwambia faida yake ya mwaka sisi tunaipata kwa wiki. Mtoto wake alipopangiwa kidato cha tano, aliuza sehemu ya vipande vyake, akasubiri siku chache za kazi, fedha ikaingia kwenye akaunti yake ya benki. Hakuna aliyemwomba alete mtu wa kuziba nafasi yake. Hakuna aliyemwambia alipe kwanza ndipo apewe chake. Tumemwomba ruhusa ya kulisema hili, akakubali kwa sharti kwamba tusimtaje jina, akaongeza: "Mimi nilikuwa naogopa tu, sikuwa na akili kuliko nyie."

Mfuko wa kweli unafanya kazi hivi. Fedha za watu wengi zinakusanywa na kununua hati fungani za Serikali, hisa za makampuni, au kuwekwa kwenye amana za benki. Wewe unamiliki vipande. Thamani ya kipande inatangazwa, na inaweza kupanda au kushuka, hivyo hakuna wa kukuahidi faida ya kila siku. Meneja anayeendesha mfuko hakai na fedha zako mfukoni mwake, zinatunzwa na benki mwangalizi. Na meneja huyo lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA.

Hapa tushike neno moja. Ile programu ilituonyesha cheti cha BRELA, na wengi tukatulia. Cheti cha BRELA kinasema kampuni imesajiliwa, basi. Hakisemi kwamba kampuni hiyo imeruhusiwa kukusanya fedha za wananchi na kuziwekeza. Hata duka la vipuri lina cheti cha BRELA. Tena fedha tulikuwa tunazituma kwenye namba za watu binafsi, namba inabadilika karibu kila siku, na majina yanayotokea kwenye simu hayafanani na jina la kampuni. Yote hayo tuliyaona kwa macho yetu.

*Kwa hiyo Kamati imeazimia, na mkutano umepitisha, mambo haya:*

1. Kuanzia leo hakuna linki ya uwekezaji, mkopo au "fursa" itakayowekwa kwenye makundi ya tawi. Ikiwekwa, msimamizi ataifuta papo hapo, awe ameiweka mwanachama wa kawaida au Mwenyekiti.

2. Fedha za mfuko wa misiba hazitatoka bila saini tatu, na hazitawekezwa popote bila mkutano wa wanachama kukubali.

3. Mwanachama akiletewa fursa, aulize maswali manne kabla ya kutoa hata shilingi: Leseni yao ya CMSA au Benki Kuu iko wapi, na mamlaka yenyewe inaitambua? Fedha naituma kwa nani, kampuni au mtu? Faida inatoka kwenye biashara gani? Naweza kutoa fedha yangu yote bila kuleta mtu na bila kulipa kwanza? Jibu moja likikosekana, acha.

4. Mtu yeyote asilipe chochote kwa anayedai atamrudishia fedha zilizopotea. Wameshaanza kupiga simu, wakijiita maofisa na mawakili. Ni wale wale, wamerudi kuchuma shamba walilokwisha kulivuna. Namba zao zitumeni kwenda 15040.

5. Katibu anakusanya picha za miamala, namba na tarehe ili twende polisi kwa pamoja. Hatuwaahidi kwamba fedha zitarudi. Tunaahidi kwamba hakuna atakayekwenda kituoni peke yake.

6. Tutaomba, kupitia ofisi ya kata, wataalamu wa mifuko yenye leseni waje kutufundisha. Atakayetaka kujiunga baada ya hapo atakwenda mwenyewe. Tawi halitakuwa wakala wa mtu.

*La mwisho ni kuhusu sisi kwa sisi.*

Yupo mwanachama aliyewaleta watu kumi na wanne. Naye amepoteza, tena kuliko wengi. Sasa watoto wake wanazomewa bombani, na yeye amehama kibaraza chake. Aliyedanganywa akamwita mwenzake amekosea, lakini hakuwaibia. Mwizi ni yule aliyezima namba. Tunawaomba wale kumi na wanne, na tunajua mnasoma hapa, mwende mkamgongee mlango. Kamati itatangulia, kesho baada ya magharibi. Na yeye, kama anasoma, asifunge mlango.

Na wewe ambaye bado hujamwambia mtu, hata mwenzi wako nyumbani, njoo ofisini siku yoyote jioni. Hutaandikwa jina lako ukutani. Wengi tumepigwa, nasi viongozi tukiwemo. Aliyenyamaza ndiye atakayepigwa mara ya pili.

Umoja wetu udumu.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi kwa wanachama wote. Mabalozi wa mashina wawasomee wasio na simu za intaneti.*