Kijana, mzigo wa tajiri ukikamatwa, miaka 20 ni yako

(Mazungumzo haya yaliandaliwa kwa ajili ya madereva, makondakta, deiwaka, waendesha bodaboda na vijana wa vijiweni. Tunayachapa kama yalivyo.)

Vijana wenzangu,

Leo sitaongea habari ya bei ya unga wala ya daftari la wapiga kura. Nataka tuongee habari ya buti la gari, chini ya siti, na ule mfuko wa salfeti unaofungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki. Tuulizane swali moja tu: ndani ya mzigo unaoubeba kuna nini? Maana yake ikiwa kuna bunduki, au risasi moja tu, wewe uliyeshika usukani ndiye wa kwanza kuulizwa. Mwenye mali wakati huo yuko nyumbani kwake anakunywa chai.

Najua mtasema, "Aa, hayo ni mambo ya majambazi, sisi tunatafuta riziki." Ndiyo maana naongea na nyinyi. Jambazi anajua alichobeba. Anayehitaji kuijua sheria hii ni kijana mnyonge anayeitwa pembeni na kuambiwa, "Dogo, nipelekee huu mzigo Chalinze, chukua mshiko wako." Asubuhi yuko barabarani, jioni yuko mahabusu. Baadaye Segerea au Keko, na kesi haisogei.

Sheria inasemaje?

Zamani tulikuwa na Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991. Mwaka 2015 Bunge lilitunga nyingine, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka huo. Msingi wake haujifichi: hakuna ruhusa ya kuwa na silaha wala risasi bila leseni. Na leseni ni ya mtu kwa silaha yake. Haifanani na kadi ya gari, ambalo unaweza kumwachia shemeji akaendesha. Bunduki ya tajiri wako ina leseni ya tajiri wako. Siku utakayokutwa nayo peke yako barabarani, leseni yake iliyoko kabatini kwake haikufuniki wewe.

Kuna wanaodhani silaha ni AK-47 peke yake, ile mnayoita SMG. Jidanganye! Bastola, ule mguu wa kuku, ni silaha. Shotigani ni silaha. Gobore lililofuliwa kijijini na fundi asiyejua kusoma ni silaha, na wapo Watanzania wengi waliosimama kizimbani kwa gobore. Risasi zenyewe, bila bunduki yoyote, zina kosa lake. Usije ukasema, "Afande, mimi nilibeba risasi tu."

Sasa fungueni masikio. Kosa la kupatikana na silaha isivyo halali limeingizwa kwenye jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, Sura ya 200. Maana yake mlalahoi aliyebeba gobore anashitakiwa kama mhujumu uchumi, sheria ile ile wanayoshitakiwa nayo wezi wa mamilioni ya umma. Mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa, na adhabu ikawa kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Piga hesabu. Una miaka 23 leo. Ukifungwa kifungo cha chini kabisa, adhabu yako ni mpaka utakapotimiza miaka 43. Mtoto uliyemwacha tumboni atakuwa mtu mzima.

Na kabla ya kufika huko kuna kungoja. Kesi ya uhujumu uchumi haiendi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP. Mahakama yake ni Mahakama Kuu, na mahakama ya chini haiwezi kuisikiliza mpaka DPP aipe hati. Hapo ndipo unaposikia wimbo wa "upelelezi haujakamilika" mwezi baada ya mwezi. Kigogo ana wakili wa kuuliza upelelezi unakamilika lini. Wewe una mama yako, anayekuja na ndoo ya chakula.

"Lakini halikuwa langu!"

Huo ndio utetezi wa kwanza wa kila kijana. Bahati mbaya, sheria haiulizi tu bunduki ni ya nani. Inauliza ilikuwa kwa nani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeeleza maana ya kuwa na kitu, na maelezo yake ni mapana. Si lazima kiwe mfukoni mwako. Ukijua kwamba kipo kwa mtu mwingine, au umekiweka mahali popote kwa matumizi yako au ya mwenzako, unahesabiwa unacho. Tena mkiwa wawili au zaidi, na mmoja wenu akawa nacho huku wengine mnajua na mmekubali, basi ni chenu nyote.

Chukua mfano. Mko wanne kwenye Noah, mmoja amechomeka bastola kiunoni. Mmeiona, mmecheka, safari imeendelea. Mkisimamishwa mbele, usitegemee kusema, "Mimi nilikuwa abiria." Upande wa mashtaka utauliza: ulijua? Ulikubali? Kwa nini hukushuka?

Hapo hapo ndipo na kinga yako ilipo, nataka muishike vizuri. Neno kubwa ni KUJUA. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba ili mtu atiwe hatiani kwa kuwa na kitu, lazima ithibitike kwamba alijua kipo na alikuwa na mamlaka juu yake. Kondakta wa basi lenye abiria 60 hawezi kufungwa kwa sababu tu begi fulani kwenye keria lilikuwa na bunduki. Lakini kujua hakuthibitishwi kwa kukiri peke yake. Hakimu anaangalia mazingira. Mzigo ulikuwa wapi, kwenye keria au umeshonewa ndani ya siti yako? Ulilipwa nauli ya kawaida, au laki tatu kwa kifurushi cha kilo tano? Ulisimama uliposimamishwa, au ulikimbia? Mtu anayefumba macho makusudi asione hawezi baadaye kusema alikuwa kipofu.

Na wewe mwenye gari unayempa kijana hesabu ya siku, usijione umepona. Ipo Sheria ya Mazao ya Uhalifu ya mwaka 1991, na chini yake chombo kilichotumika kufanyia kosa kinaweza kutaifishwa. Noah ya mkopo inaweza kwenda, deni likabaki.

Kwa nini ukali wote huu?

Tuseme kweli, hata sisi wa upinzani. Nchi yetu imepakana na majirani waliopigana sana. Burundi iliwaka moto kuanzia 1993, Rwanda mwaka 1994, kisha Kongo. Silaha zilivuka mpaka pamoja na watu, na wananchi wa Kigoma na Kagera wanajua maana ya basi kusindikizwa na askari wenye bunduki. Julai 2015, hapa hapa Dar es Salaam, kituo cha polisi Stakishari kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikaporwa. Kila bunduki iliyofika mjini ilibebwa na chombo, na chombo kina dereva. Kwa hiyo sipingi sheria kuwa kali. Ninachopinga ni ukali unaoishia kwa aliyebeba bila kumfikia aliyetuma. Ukikamata utingo ukamwacha tajiri, kesho tajiri atatafuta utingo mwingine. Vijana wasio na kazi wamejaa.

Fanya hivi

Kwanza, wewe wa vifurushi. Usipokee mzigo wa mtu usiyemjua bila kuufungua mbele yake. Andika jina lake, namba yake ya simu na ya kitambulisho, na jina la mpokeaji. Akikataa kufungua, rudisha hela yake. Riziki ya kweli haina haja ya kufichwa.

Pili, ukibeba mlinzi wa kampuni au mtu mwenye silaha ya halali, silaha isafiri na mhusika. Asikuachie hata dakika tano "anakojoa". Akishuka, ishuke naye.

Tatu, wewe mwenye leseni. Safiri na karatasi zako. Toa risasi ndani ya bunduki, zifungashe mbali nayo, funika silaha isitishe watu. Usiiache ndani ya gari nje ya baa. Ikipotea, nenda polisi siku hiyo hiyo. Na kumbuka barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Sheria ya Hifadhi za Taifa ina kosa lake la kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali, na watu wameshitakiwa huko hata kwa mapanga na mikuki. Ulizia kibali kabla ya safari, usingoje kuuliza ukiwa umeshasimamishwa.

Nne, ukisimamishwa, simama. Mikono ionekane. Kama kuna silaha ya halali, sema kabla hujapekuliwa. Usikimbie, maana kijana anayekimbia huku kuna bunduki garini amejiandikia hukumu mwenyewe, na pengine hafiki hata mahakamani.

Tano, wakipekua, simama uone. Omba shahidi asiye askari awepo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari aliyechukua kitu atoe hati ya kukiri amekichukua, yenye sahihi ya mwenye mali na ya mashahidi kama wapo. Isome kabla ya kusaini. Angalia namba ya silaha iliyoandikwa kama ndiyo iliyo kwenye silaha yenyewe. Kesi nyingi zimesimama au kuanguka kwa karatasi hiyo na kwa maelezo ya nani alikikabidhi kwa nani.

Sita, ukikamatwa, una haki ya kuambiwa kosa lako na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Kufikishwa mahakamani, kipimo kilichotajwa ni saa 24. Najua wengi wenu mmekifahamu kipimo hicho kwa jinsi kinavyovunjwa. Kidai hivyo hivyo, kwa adabu, na mtaje muda mbele ya hakimu. Huna hela ya wakili? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ndugu zako waulize msaada huo mapema, wasingoje siku ya hukumu.

Saba, ukikuta silaha imeachwa ndani ya gari lako, usiiguse, usiitupe mtaroni, usiiuze. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, piga 112, toa taarifa. Mwaka 2023 Serikali ilitoa muda wa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari. Muda ule umekwisha. Lakini anayejipeleka mapema akiwa na shahidi hafanani na anayekamatwa usiku.

Neno kwa wenzangu wa chama

La mwisho ni letu wenyewe. Kampeni zikianza, vijana hupakiwa kwenye Land Cruiser za wagombea, wanapewa fulana na kuambiwa walinde msafara. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yamepiga marufuku chama kuwa na kikundi cha ulinzi. Tunaitaka sheria hiyo iwaume na wa chama tawala kama inavyotuuma sisi. Hata hivyo, kilio chetu hakitakuwa utetezi wako siku watakapofunua turubai wakakuta chuma. Mgombea, hata awe wetu, atasema hakujua. Wewe uliyekalia turubai utasemaje?

Kwa hiyo kabla ya kupanda, funua turubai uangalie. Kabla ya kuwasha, fungua buti. Tajiri akikasirika, mwambie akatafute dereva mwingine.