Muhuri wa Mtaa na Mlango wa Gereza



Tumeombwa tuzungumze juu ya uhalifu na adhabu, yaani ni nani aliye na mamlaka ya kutunga sheria, ya kukamata, ya kuhukumu na ya kufunga. Wengi wetu hudhani kwamba swali hilo ni la wanasheria. Lakini ni vigumu kupata jumuiya ndogo ndogo, tangu Manzese hadi Mbagala, isiyokuwa na mama aliyewahi kuamka alfajiri kupeleka chakula kituo cha polisi.

Tunamfahamu mmoja. Kijana wake wa miaka 19, fundi pikipiki, alikamatwa kwa tuhuma ya kuiba simu. Kosa hilo lina dhamana, na hakimu wa mahakama ya mwanzo hakumnyima. Alitaka wadhamini wawili, kila mmoja awe na kitambulisho na barua ya utambulisho yenye muhuri wa serikali ya mtaa wake. Mdhamini wa kwanza alikuwa mjomba wa kijana. Alikwenda ofisini kwao mara tatu: siku ya kwanza mwenyekiti alikuwa msibani, siku ya pili mtendaji alikuwa kikaoni, siku ya tatu akaombwa fedha ambayo haikuandikiwa stakabadhi. Alilipa. Mdhamini wa pili hakupatikana kabisa. Majirani wanaosali rozari pamoja na mama huyo walisema hawawezi kujitia katika kesi ya mwizi. Kijana akakaa mahabusu miezi minne, mpaka mlalamikaji alipoacha kufika mahakamani na shauri likaondolewa. Hakuna aliyemtia hatiani, ila miezi minne ameitumikia. Na sisi mapadre tulikuwa na habari zake tangu wiki ya pili. Tulimwombea.

Sasa tutazame mamlaka yenyewe yamepangwaje. Katika nchi ya shirikisho kama Marekani kila jimbo lina sheria zake za jinai, mahakama zake na magereza yake, na juu yake ipo serikali kuu yenye sheria na magereza yake tena. Kitendo kilekile huweza kumpa mtu adhabu nyepesi upande mmoja wa mto na adhabu nzito ng'ambo ya pili. Sisi tuna Muungano, wala si shirikisho la namna hiyo. Polisi ni jambo la Muungano. Lakini Zanzibar ina sheria yake ya adhabu na Mahakama Kuu yake, na hata gereza huko huitwa chuo cha mafunzo, jina ambalo linatupa sisi wa bara jambo la kutafakari. Njia hizo mbili hukutana katika Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979.

Huku bara, sheria ya jinai hutungwa na Bunge. Polisi na Magereza huongozwa kutoka makao makuu ya taifa. Halmashauri za manispaa, kama Kinondoni na Temeke, hutunga sheria ndogo za usafi, za masoko na za biashara, na mgambo wake tunawajua vema, hasa wale wanaouza nyanya kando ya barabara. Baraza la kata, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, kazi yake ya kwanza ni kusuluhisha. Mahakama ya mwanzo, kwa kawaida, haimfungi mtu zaidi ya miezi 12. Ukitazama ngazi hizi kutoka juu, mtaa ni kitu kidogo: hautungi sheria, hauhukumu wala haufungi. Una muhuri tu. Lakini mjomba tuliyemtaja aliuona muhuri huo ukiwa mzito kuliko nyundo ya jaji.

Yapo mambo ambayo kweli yameamuliwa mbali nasi. Sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1972 inamfunga mikono hakimu: kwa makosa iliyoyataja, hawezi kushuka chini ya kiwango kilichowekwa, hata moyo wake ukimhurumia aliyesimama mbele yake. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu ya chini ni miaka 30. Na neno "silaha" lisitudanganye kwamba ni bunduki peke yake, kisu kinatosha. Kijana wa miaka 20, akiitumikia yote, atatoka akiwa na miaka 50. Kosa hilohilo, pamoja na mauaji na uhaini, halina dhamana. Mwezi Mei mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuwanyima watu dhamana namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Mwezi Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Aidha, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hukumu kutoka mahakama ya wilaya kwenda juu ziliandikwa Kiingereza. Wapo wanaotumikia miaka 30 ambao hawajapata kusoma kwa lugha yao sababu za kufungwa.

Hayo tuyapeleke kwa wabunge wetu. Tusichoke kuyapeleka.

Lakini tusijifiche nyuma ya Bunge. Makundi ya vijana walioitwa Panya Road yalipoutisha mji wetu mwaka 2015, na tena mwaka 2022, hofu ilikuwa ya kweli. Watu walijeruhiwa, nyumba zilivunjwa. Anayewaambia waathirika wasamehe haraka, na alale kwanza usiku mmoja katika nyumba isiyo na mlango. Hata hivyo hofu hiyo ilitufundisha neno baya: "Hawa wasifikishwe mahakamani." Tumelisikia nje ya makanisa yetu baada ya Misa. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa mkosaji. Anayepiga kelele ya mwizi na kuokota tofali amejifanya polisi, hakimu na mnyongaji kwa dakika tano, na hukumu yake haina rufani. Mara nyingine aliyechomwa ndiye aliyekuwa akimkimbilia mwizi.

Wapo watakaouliza: basi wahalifu waachwe? Hapana. Aliyeiba arudishe, na anayestahili kifungo afungwe. Lakini sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mwenye kifungo kisichozidi miaka 3 kukitumikia nje, kwa kufanya kazi ya umma bila malipo. Adhabu hiyo inahitaji mahali pa kufanyia kazi na majirani wanaokubali kumwona mkosaji akifagia zahanati yao. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 8,157 kwa siku moja. Tulifurahi. Lakini msamaha wa namna hiyo hutolewa Ikulu. Huyu wa kufagia zahanati anakuwa mikononi mwetu kila asubuhi.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, Kamati ya Haki na Amani imekubaliana hivi. Kila jumuiya itoe majina ya watu wawili wenye makazi yanayojulikana na vitambulisho vya taifa, walio tayari kuitwa kuwa wadhamini. Wasikubali gizani: mdhamini huahidi kwamba mshtakiwa atafika mahakamani, na akitoroka, mdhamini hudaiwa fedha aliyoiwekea saini. Kwa sababu hiyo kamati itamtembelea kwanza mshtakiwa na familia yake, na itamtembelea pia aliyeibiwa, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Anayekwenda kuomba barua ya mtaa asiende peke yake. Aende na mjumbe wa kamati, na akidaiwa fedha aombe stakabadhi.

Wenyeviti wa mitaa ambao ni waamini wenzetu, nanyi mpo humu ndani, tunawaomba mbaki kidogo baada ya kikao hiki. Daftari la majina liko kwa katibu. Hadi sasa jumuiya tatu zimejiandikisha, na yule mjomba ndiye wa kwanza katika orodha.