Mtambo wa Kupima Hewa Mlimani Hutaka Mtunzaji

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la mazingira



Kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kuna kituo kidogo cha Idara ya Hali ya Anga ya Kenya. Kilizinduliwa mwaka wa 1999, nacho kimo katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Vituo vya hadhi hiyo Afrika ni vichache. Kimoja kiko Cape Point, Afrika Kusini, na kingine Assekrem, Algeria.

Kazi yake ni kupima gesi zilizo haba hewani. Katika kila sehemu milioni moja za hewa, kaboni dioksidi ni kama 420 na methani haifiki 2. Kwa viwango hivyo, kosa dogo la mtambo linaweza kudhaniwa kuwa badiliko la hewa ya dunia.

Katika mitambo ya kisasa, pampu huvuta hewa ya nje kwa mrija hadi kwenye chemba yenye vioo. Mwali wa leza huingizwa humo ukadunda kati ya vioo hivyo. Gesi inayopimwa ikiwa nyingi, mwanga hufifia haraka, na muda wa kufifia ndio hutoa kiwango.

Mtambo huo haujitunzi. Chujio likijaa vumbi, pampu hulemewa. Mrija ukipata ufa, huvuta hewa ya chumbani yenye pumzi ya fundi mwenyewe, na kaboni dioksidi huonekana imepanda. Kwa hivyo fundi hubadilisha chujio, hukagua viungo vya mrija, kisha hupitisha gesi ya mtungi ambayo kiwango chake kinajulikana, kama mwenye duka anavyohakiki mizani kwa jiwe la kilo moja. Kila alichofanya hukiandika daftarini pamoja na tarehe na saa. Asipoandika, atakayesoma takwimu miaka 10 baadaye hatajua kama palikuwa na moto msituni au mkono wa fundi.

Mtambo uliozimika hujulikana mara moja. Wa kuogopwa zaidi ni ule unaoendelea kutoa nambari zisizo sahihi.

Umeme nao ni muhimu. Mchana upepo hupandisha moshi na vumbi kutoka mabondeni. Usiku hewa safi hushuka kutoka juu. Umeme ukikatika usiku, vipimo vya thamani zaidi hupotea, na hewa ya usiku huo haitapimwa tena.

Mkulima anayeambiwa kwamba tabianchi inabadilika ana haki ya kujua ushahidi umetoka wapi. Sehemu ya ushahidi huo hupimwa mlimani, juu ya shamba lake.

Wakazi wanaombwa kutowasha moto mlimani na kuripoti mapema nguzo au nyaya za umeme zilizoanguka. Vijana wanaosomea umeme, elektroniki na fizikia nao wafahamu kwamba kazi hii ipo na inahitaji mafundi makini.