Ukimpa Kazi Mtu Usiyemwona

Hotuba ya afisa wa teknolojia ya habari na mawasiliano kwa viongozi wa vyama vya ushirika na wafanyabiashara wadogo, mjini Bomet

 

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo baadhi yenu mmeshaanza kulifanya: kumtafuta mtu mtandaoni akufanyie kazi. Chama cha maziwa kinataka nembo ya pakiti zake. Mwenye duka pale Silibwet anataka tovuti. Kikundi cha akina mama kinataka daftari la wanachama liingizwe kwenye kompyuta. Atakayeifanya kazi hiyo huenda yuko Longisa, Lagos au Manila, na huenda msionane kamwe.

Wengi huniuliza, "Nitajuaje kama ni mwaminifu?" Mimi huuliza kwanza: umemweleza kazi vizuri? Mkulima anayepeleka majani chai kituoni hategemei uso wa karani. Anategemea mizani na risiti. Kazi ya mtandaoni pia ina mizani yake, nayo ni maelezo yaliyoandikwa.

Usiandike tu, "Nataka nembo nzuri." Andika: nembo moja, rangi mbili, isomeke kwenye pakiti ya nusu lita, marekebisho yasizidi matatu, tarehe ya kukabidhi, bei, na kwamba haki zote za nembo ni za chama. Mkikosana, maandishi hayo ndiyo yatakayowaamua.

Pili ni malipo. Usitume pesa zote kwa M-Pesa kabla ya kuona chochote. Jukwaa kama Upwork hushikilia fedha za kazi ya bei maalum mpaka uikubali kazi, na unaweza kuigawa kwa hatua. Lakini kazi ikishawasilishwa nawe ukanyamaza kwa siku 14, fedha huachiliwa. Kwa Fiverr, agizo huhesabiwa kuwa limekamilika baada ya siku 3. Chama kinachongoja kikao cha kamati cha mwezi ujao kitakuwa kimechelewa. Teueni mkaguzi mmoja kabla ya kuagiza kazi. Na ukishawishiwa mlipane nje ya jukwaa ili kukwepa ada, jua kwamba ulinzi wake nao umeuacha.

Ukielewana na mtu moja kwa moja, bila jukwaa, gawanya malipo: sehemu anapoanza, sehemu kazi inapofika nusu, na salio anapokabidhi.

Tatu ni taarifa za watu. Daftari la wanachama lina majina, nambari za vitambulisho na za simu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, jukumu la kuzilinda linabaki kwa chama hata kama anayezichapa yuko mbali. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kwa hivyo, wekeni mkataba wa maandishi, mpeni mfanyakazi taarifa anazohitaji tu, wala msimpe nywila ya akaunti ya chama.

Nimalizie kwa upande wa pili. Tangu mwaka 2016, mpango wa kitaifa wa Ajira Digital umekuwa ukiwafunza vijana kazi za mtandaoni. Wengi wanafanyia kazi kampuni za ng'ambo ambazo hawajawahi kuziona. Machi 2024, jukwaa la Remotasks lilifunga shughuli zake nchini Kenya, na vijana waliolitegemea wakabaki bila kazi hiyo kwa ghafla. Wanajua vizuri maana ya kufanyia kazi mtu usiyemwona.

Tusiwe waajiri wa namna hiyo. Usimwambie kijana akuchoree nembo ya "majaribio" bila malipo, kisha ukaichapisha. Usibadilishe kazi katikati na kudai bei ibaki ile ile. Kazi ikikubalika, lipa siku uliyoahidi.

Na kabla ya kutafuta mbali, uliza nyumbani. Wako vijana Sotik, Konoin na Chepalungu wanaoweza kazi hizi. Mpime kijana huyo kwa kazi alizokwishafanya, kama ambavyo ungempima wa Manila. Akifaa, pesa utakazomlipa zitanunua unga katika maduka yetu haya haya.