Kwa Nini Niwe Mbaptisti?

Somo: Wagalatia 6:1–5

Popote ulipo, uwe jikoni ukiwapikia watoto chai, au dukani, au kitandani kwa ugonjwa, karibu tukae pamoja dakika hizi chache tulitafakari Neno la Mungu.

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo watu huliuliza mara nyingi, lakini kwa sauti ya chini. Nchi yetu ina makanisa mengi. Katika mtaa mmoja waweza kupita milango mitano ya ibada kabla hujafika kituo cha matatu. Kwa nini basi mtu aliyelelewa vizuri katika kanisa la wazazi wake achague kuwa mshiriki wa kanisa la Kibaptisti? Anatafuta nini? Na mama yake atasemaje?

Kwanza tuziondoe sababu zisizofaa. Mtu asije kwa Wabaptisti kwa kuwa amekosana na mchungaji wake wa zamani. Anayehama nyumba kwa ajili ya ugomvi huupakia ugomvi huo mkokotenini pamoja na masufuria, na kabla ya mwaka kwisha amekwisha kuufungua katika nyumba mpya. Wala asije kwa sababu kwaya ni nzuri, au kwa kuwa kanisa lina shule na anamtafutia mtoto nafasi. Wala msichana asije kwa sababu tu mchumba wake ni Mbaptisti. Hizo zaweza kuwa sababu za kufika kanisani. Si sababu za kushuka majini.

Fungua nami Waraka kwa Wagalatia, sura ya 6. Katika mstari wa pili Mtume Paulo anatuagiza tusaidiane kuichukua mizigo. Lakini endelea mpaka mstari wa tano, nawe utamsikia akisema kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Je, Mtume amejisahau? La, hasha. Iko mizigo ambayo ndugu yako aweza kuishika upande mmoja, nawe ukaishika upande wa pili, mkaiinua pamoja. Na liko furushi moja ambalo hakuna awezaye kukubebea, nalo ni jibu lako mbele za Mungu. Mtu akiyaelewa mambo haya mawili, ameelewa kwa nini Wakristo wengine huchagua kanisa la Kibaptisti.

Tuanze na furushi. Jina la babu hupewa mjukuu kabla hajajua kusema. Shamba la baba laweza kuandikwa jina lako ukiwa ungali umebebwa mgongoni. Lakini imani hairithiwi hivyo. Siku ya Pentekoste, katika Matendo ya Mitume sura ya 2, waliolipokea neno la Petro ndio waliobatizwa, wapata watu 3,000. Katika sura ya 8, yule towashi wa Ethiopia alihubiriwa habari za Yesu njiani, na walipofika penye maji ni yeye mwenyewe aliyeuliza kama kuna kizuizi asibatizwe. Hakusukumwa. Hakujibiwa na mtu mwingine. Alishuka majini pamoja na Filipo, kisha akaenda zake akifurahi.

Kwa hiyo Wabaptisti hawawabatizi watoto wachanga. Humbatiza mtu aliyemwamini Kristo na kumkiri kwa kinywa chake. Humzamisha majini kuwa ishara ya kufa, kuzikwa na kufufuka pamoja na Bwana, kama Warumi sura ya 6 inavyotufundisha. Maji hayamwokoi. Kristo ndiye amwokoaye. Maji ni ushuhuda.

Wengine hudhani kwamba jambo kubwa kwa Wabaptisti ni wingi wa maji. Historia yatuonyesha vingine. Mwaka 1609, Waingereza wachache waliokuwa wamekimbilia Amsterdam, Uholanzi, kwa ajili ya imani yao, walibatizwa upya wakiongozwa na John Smyth. Wanahistoria wengi husema kwamba siku ile walimwagiwa maji tu. Kuzamishwa ndiko kulikotajwa baadaye na Wabaptisti wa London katika ungamo lao la imani la mwaka 1644. Basi swali lao la kwanza halikuwa juu ya kiasi cha maji. Waliuliza: ni nani anayebatizwa, na je, amejibu mwenyewe?

Mwenzake Smyth, Thomas Helwys, alirudi Uingereza na kuanzisha kanisa huko Spitalfields, London. Mwaka 1612 alitoa kitabu akimweleza Mfalme James wa Kwanza kwamba mfalme ni mwanadamu tu, wala hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Na angalia jambo hili, mpendwa: Helwys hakuudai uhuru huo kwa ajili ya watu wake peke yao. Aliudai kwa Waislamu na Wayahudi pia. Alitiwa katika gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa amekwisha kufa. Vivyo hivyo mwaka 1834, mjini Hamburg, Ujerumani, Johann Gerhard Oncken na wenzake sita walibatizwa katika mto Elbe, na katika miaka iliyofuata alifungwa kwa sababu ya kazi yake ya Injili. Watu hao hawakuchagua njia nyepesi.

Hapa Kenya, wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walianza kazi yao mwaka 1956. Sisi hatufungwi kwa kubatizwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, na kukataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Tumshukuru Mungu. Lakini sheria ya nchi haiwezi kukusaidia unapoketi sebuleni mbele ya mama yako.

Labda wewe unayenisikiliza ulibatizwa ukiwa mtoto mchanga. Mama alikuvika nguo nyeupe, akakubeba mpaka mbele ya kanisa, na machozi ya furaha yakamtoka. Leo ukimwambia kwamba wataka kubatizwa kwa Wabaptisti, anasikia kana kwamba unaifuta siku ile. Jambo hili ni zito, tusilifanyie mzaha. Wabaptisti husema huo si ubatizo wa pili, kwa maana kwao ubatizo ni jibu la mtu aliyekwisha kuamini. Lakini ndugu zetu Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na Walutheri hawaoni hivyo. Kwao ubatizo wa mtoto ni ishara ya agano la Mungu na jamaa ya waaminio. Hutuonyesha Matendo sura ya 16, ambapo mlinzi wa gereza alibatizwa pamoja na watu wake wote. Wabaptisti nao huonyesha mstari wa 32 wa sura hiyo hiyo, kwamba Neno lilihubiriwa kwanza kwa wote waliokuwamo nyumbani. Watu wanaompenda Bwana wametofautiana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, nawe usilimalize kwa kelele mezani.

Nenda kwa mama yako kwa heshima. Mwambie: “Mama, maombi yako ya siku ile hayakupotea. Uliomba nimjue Yesu, nami nimemjua. Sasa nataka kusema kwa kinywa changu yale uliyoyasema wewe kwa niaba yangu.” Akilia, kaa naye. Usibishane naye mbele ya wageni, wala usiuite ubatizo alioutaka kwa ajili yako kuwa upuuzi. Mwendee pia mchungaji wako wa zamani, umwambie mwenyewe, asije akasikia habari zako sokoni. Na kama huwezi kumwambia mama yako mmoja, utawezaje kuushuhudia umati uliosimama kando ya maji?

Sasa tuje kwenye mizigo. Wako wanaodhani kwamba mtu akisha kuzamishwa, kazi imekwisha. Kumbe ndipo inapoanza. Katika kanisa la Kibaptisti hakuna askofu anayempeleka mchungaji. Kanisa la mahali humwita mchungaji wake, huwachagua mashemasi, huwapokea washiriki, na kuamua juu ya fedha zake katika mkutano wa washiriki wote. Wao huutazama mfano wa Matendo sura ya 6, ambapo wanafunzi wote walikutanishwa na kuwachagua wale watu saba. Makanisa huungana kwa ajili ya kuhubiri na kufundisha, lakini muungano huo hauliamuru kanisa la mahali. Katika mkutano huo, mwenye gari ana kura moja, na mama auzaye sukuma wiki ana kura moja.

Jambo hili ni jema, tena ni gumu. Paa likivuja, hakuna ofisi ya dayosisi ya kuiandikia barua. Mchungaji akikosa mshahara, ni ninyi hamkumpa. Hesabu za fedha zisiposomwa, ni ninyi mliokaa kimya. Mikutano yaweza kuwa mirefu na maneno yakawa makali, na yako makanisa yaliyogawanyika kwa sababu watu waliigeuza kura kuwa rungu. Kwa hiyo mtu asichague kanisa la Kibaptisti akidhani kwamba huko hatatawaliwa na yeyote. Kristo ndiye anayetawala. Washiriki hukutana wayatafute mapenzi yake, si ili upande mmoja uushinde mwingine.

Na iko mizigo mingine isiyopigiwa kura. Ndugu amefiwa, jeneza linunuliwe, na gari la kwenda nyumbani lipatikane. Dada ameachiwa watoto, na karo haijalipwa. Kijana ameanguka dhambini, na hapo mstari wa kwanza wa somo letu watuagiza tumrejeze kwa upole, huku kila mtu akijiangalia nafsi yake. Mtu aliyejibu peke yake majini ndiye huyo huyo anayeitwa kuchukua na wenzake. Akilichukua furushi lake na kukataa mizigo ya ndugu, amesoma nusu ya somo.

Neno moja kwa wazazi Wabaptisti. Ninyi mlichagua. Je, watoto wenu mnawaachia nafasi ya kuchagua? Waombeeni, wafundisheni Maandiko, wapelekeni shule ya Jumapili, muwe kielelezo nyumbani. Lakini wako wazazi ambao huona aibu wenzi wa mtoto wao wakibatizwa naye amebaki amekaa kwenye benchi. Basi humharakisha mpaka akubali. Mzazi anayemsukuma mtoto majini kwa ajili ya sifa ya nyumba anafanya yale ambayo Helwys aliwakataza wafalme. Ni vigumu kungoja. Unaogopa kwamba mtoto hatakuja kamwe. Nakuelewa, lakini furushi lile ni lake, nawe huwezi kulibeba hata ukimpenda namna gani. Hata siku moja akienda kumwabudu Bwana katika kanisa jingine, usimfungie mlango.

Basi kwa nini mtu achague kuwa Mbaptisti? Kwa sababu ameyasoma Maandiko, akasadiki kwamba Kristo anamtaka ajibu mwenyewe, tena kwamba amemweka kati ya ndugu watakaochukuliana mizigo bila kumwachia askofu wala mchungaji peke yake. Kama dhamiri yako imesadiki hivyo, usiogope. Lakini usiende Jumapili tu, wakati watu wamevaa vizuri. Omba ruhusa ukae katika mkutano wa washiriki, usikie wanavyosemezana juu ya fedha na juu ya ndugu aliyeanguka. Hapo utalijua kanisa unalotaka kuingia.

Wala sisemi kwamba kila anayenisikiliza ahame. Wako Wabaptisti waliotoka majini zamani, na mioyo yao imekauka. Wako Wamethodisti na Wapresbiteri wanaolichukua furushi lao kwa uaminifu kila siku. Lakini kila mmoja wetu, wa kanisa lolote, ajiulize jioni hii: “Je, nimemjibu Kristo mimi mwenyewe, au nimejibiwa na jamaa yangu? Na ni mzigo wa nani ninaouchukua?”

Na tuombe. Bwana Yesu, wewe umetuita mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake. Wape ujasiri wale wanaotaka kukukiri mbele ya watu. Wafariji akina mama ambao watoto wao wamechukua njia wasiyoizoea, na uyalinde mapenzi nyumbani mwao. Yarehemu makanisa yanayogombana katika mikutano yao. Utufundishe kulichukua furushi letu bila kulalamika, na mizigo ya ndugu zetu bila kuhesabu. Kwa jina lako takatifu twaomba. Amina.